Chemsha Bongo za Kiingereza Zinahitaji Makosa Yetu

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kwa Kiingereza, "Haven't you eaten?" Kama hajala, mara nyingi atakujibu "Yes, I haven't." Hajakosea kwa uzembe. Kwa Kiswahili ukiulizwa "Hujala?" nawe kweli hujala, unajibu "Ndiyo, sijala," kwa sababu ndiyo yetu inamkubalia aliyeuliza. Yes ya Kiingereza haimjali muulizaji. Inafuata kitenzi kilicho mbele yake, na kitenzi hicho kikiwa cha kukanusha, jibu huanza na no, swali liwe limeulizwa kwa namna yoyote.

Sasa fungua moja ya chemsha bongo nyingi za mtandaoni zinazofundisha majibu mafupi ya Kiingereza. Utakuta majibu ya kuchagua yanafanana na haya: "No, I haven't", "No, I don't", "No, I hasn't", "No, I am not". Mwanafunzi wetu anajua kwamba have hujibiwa kwa have, na anajua hasn't haiendi na I. Anabonyeza la kwanza, skrini inawaka kijani, anapata alama zote. Kesho yake mwalimu anamwuliza darasani, "Haven't you done your homework?" naye anajibu "Yes, I haven't." Alama amezipata zote na kosa lake liko vilevile, kwa sababu halikuwamo kwenye orodha aliyopewa achague.

Ninachotaka kusema katika makala hii ni hicho. Thamani ya chemsha bongo ya lugha iko kwenye majibu yake yasiyo sahihi. Jibu sahihi ni lile lile kwa mwanafunzi wa São Paulo, wa Seoul na wa Sumbawanga. Kinachotofautiana ni makosa, kwa kuwa kila mmoja anakosea kwa lugha aliyokulia. Sisi tunachukua maswali yaliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wengine, tunayasambaza kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa, tunahesabu alama, kisha tunaamini tumefundisha. Walimu wa Kiingereza wa shule zetu wanapaswa kutunga maswali yao wenyewe, na malighafi wanayo tayari: madaftari ya wanafunzi yaliyojaa wino mwekundu.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, kisha anaingia sekondari na kukuta baiolojia, jiografia, historia na hisabati zote zimegeuka kuwa za Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza Kiingereza katika shule zetu na kuandika kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa na kiwango ambacho mtu angetegemea masomo kwa Kiingereza yaanzie. Maana yake ni kwamba wengi walikuwa wanamaliza bila kufika mahali pa kuanzia. Imepita miaka zaidi ya 40. Mjadala wa lugha ya kufundishia umekuwa mrefu na una haki ya kuendelea, lakini wakati unaendelea, mtoto aliye darasani leo anahitaji mazoezi yanayomfaa leo. Simu janja ya mzazi imeingia hata kwenye nyumba zisizo na kitabu cha ziada. Ndiyo maana ubora wa swali linaloonekana kwenye skrini ya simu ile ni jambo la kulisimamia kwa dhati.

Swali la kuchagua lina shina, yaani maneno ya swali lenyewe, lina jibu sahihi, na lina yale majibu ya makosa ambayo walimu wengine huyaita vipotoshi. Mtungaji asiye makini huandika shina, huandika jibu, kisha hujaza vipotoshi kwa haraka ili nafasi zisibaki wazi. Mtungaji mzuri hufanya kinyume. Kwanza anawapa wanafunzi swali lisilo na majibu ya kuchagua, waandike wenyewe kwa sentensi. Anakusanya karatasi, anasoma, na ataona kwamba darasa la watoto 60 halikosei kwa namna 60. Makosa yanajirudia, mawili au matatu yakiongoza kwa mbali. Hayo ndiyo vipotoshi. Hakuna mtaalamu wa Cambridge anayeweza kuyabuni akiwa ofisini kwake, na mwalimu wa shule ya kata anayapata bure, kwa saa moja ya kusahihisha.

Tuchukue saa. Chora saa ya ukutani, mshale mfupi kwenye nane na mrefu kwenye kumi na mbili, jua la asubuhi dirishani. Chemsha bongo ya kigeni itatoa "It's eight o'clock", "It's half past eight" na "It's a quarter to eight", kwa kuwa mtungaji anahofia mwanafunzi atachanganya nusu na robo. Mtoto wa Kiswahili anaitazama saa ile na kichwani mwake ni saa mbili. Jibu linalomvuta ni "It's two o'clock", na kama halimo kwenye orodha, swali limempima mtoto mwingine. Kosa hili halibaki shuleni. Kijana anaweza kuambiwa kwa simu afike kwenye usaili "at two o'clock", akaelewa saa mbili asubuhi, akakuta geti limefungwa na mlinzi anamshangaa.

Au tuchukue he na she. Kiswahili kinasema "anafanya kazi" kwa baba na kwa mama, na hakuna mtu anayeona kasoro. Kwa hiyo wanafunzi wetu, hata waliofika chuo kikuu, huteleza na kumwita mama he. Tazama maswali yanayodai kutibu kosa hili: "My mother is a nurse. ___ works in a hospital." Kila mtu atalipata, kwa sababu mother yuko pale pale na macho yanamwona. Mtelezo wenyewe hutokea mbali zaidi, kwenye sentensi ya nne au ya tano, mwanafunzi akiwa amezama kwenye habari na amesahau kuangalia jinsia. Ukitaka kumsaidia, andika aya: mama aliamka mapema, akachota maji, akapanda basi kwenda Morogoro, barabarani basi likaharibika, abiria wakashuka, fundi akaitwa, na hapo ndipo uweke nafasi ya kujaza inayomhusu mama, huku fundi mwanamume akiwa karibu zaidi na nafasi hiyo kuliko mama. Swali la namna hiyo linachukua muda kulitunga. Lakini linagusa mahali kosa linapoishi, na maswali kumi ya "My mother is a nurse" hayawezi kufika hapo.

Yapo mengine mengi nami nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa mwalimu yeyote wa Kiingereza anayajua kuliko mimi. "I have seen him yesterday", kwa sababu mtaani tunasema "nimemwona jana" bila shida. "Can you borrow me your pen?", kwa sababu kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili. "I can hear a bad smell", kwa kuwa harufu tunaisikia. Picha ya mkono yenye alama kwenye kiwiko, ambayo mtoto ataiita hand. Picha ya kidole gumba cha mguu, ambacho atakiita finger. Kila moja ya sentensi hizi inafaa kuwa kipotoshi, tena kipotoshi cha daraja la kwanza, kwa sababu masikioni mwa mtoto ndiyo inayosikika kuwa sahihi.

Wala wasemaji wa Kiswahili si kundi moja. Kijana wa Lubumbashi au Bujumbura anayejifunza Kiingereza ana Kifaransa katikati ya safari. Atasema "I assisted at the meeting" akimaanisha alihudhuria, na atakwenda kununua daftari "at the library" kwa kuwa librairie ya Kifaransa ni duka la vitabu. Mtoto wa Murang'a ana vita vyake vya l na r ambavyo mtoto wa Tanga havijui. Tangu Rwanda ihamishie masomo yake kwenye Kiingereza mwaka 2008, na Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, eneo letu lina wanafunzi wa Kiingereza wenye asili mbalimbali kuliko ilivyokuwa zamani. Chemsha bongo moja ya kuwafaa wote haitakuwapo. Hilo lisitukatishe tamaa, maana mwalimu anatunga kwa ajili ya darasa lake.

Kwa nini basi tunaendelea kutunga vibaya? Sehemu ya jibu iko kwenye historia ya swali lenyewe. Anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kutumia maswali ya kuchagua jibu ni Mmarekani Frederick Kelly, kwenye jaribio lake la kusoma kimya la Kansas, katika miaka ya 1914 na 1915. Alitaka walimu wote wasahihishe sawa na wasahihishe upesi. Miaka michache baadaye jeshi la Marekani lilitumia maswali ya aina hiyo kuwapanga askari wapya zaidi ya milioni moja na nusu wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Chombo hiki kilikua kikiwa cha kupanga na kuchuja watu. Kikaingia kwenye mitihani yetu ya mwisho wa shule ya msingi, Tanzania kwa herufi A mpaka E, Kenya kwa maswali 50 ya Kiingereza ya KCPE mpaka mtihani ule ulipofanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwalimu aliyefaulu kwa chombo hicho, naye anapofungua Google Forms, fomu za mtandaoni za kutungia maswali, jambo la kwanza linalomjia ni kunakili pepa ya zamani. Chemsha bongo yake inakuwa moko nyingine, yaani mtihani mwingine wa majaribio, ndogo, ya rangi rangi, na mtoto anaijibu kama anavyojibu moko: akijua anachagua, asipojua anapiga ana ana ana do.

Niseme na hili kuhusu idadi ya majibu, kwa kuwa linawachosha walimu bila sababu. Tumezoea kuamini kwamba swali lenye majibu matano ni bora kuliko lenye matatu. Mwaka 2005 Michael Rodriguez alipitia tafiti za miaka 80 kuhusu jambo hili na kufikia uamuzi kwamba majibu matatu yanatosha mara nyingi. Sababu yake ni rahisi kuiona darasani. Kipotoshi cha kwanza na cha pili hutoka kwenye makosa ya kweli; cha tatu na cha nne mwalimu hukitoa hewani, na hakuna mwanafunzi anayekichagua. Ni kweli kwamba kwa majibu matatu anayebahatisha atapata moja katika kila matatu. Kwenye mtihani wa kuchagua nani aende sekondari, hilo lina uzito. Kwenye zoezi la jioni lina dawa nyepesi: rudisha kosa lile lile maswali sita mbele, kwa sentensi nyingine. Aliyebahatisha atajulikana.

Sasa tuje kwenye kufundisha, ambako ndiko chemsha bongo inapata haki ya kuwepo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kimoja huko St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja kisha likajaribiwa mara tatu bila kukiona tena. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribiwa walikumbuka asilimia 61 ya kifungu, na waliosoma tu asilimia 40. Kujaribiwa kunajenga kumbukumbu. Mwalimu anayetoa maswali matano kila jioni anafanya kazi ya kweli, hata kama hakuna alama inayoandikwa kokote.

Ila kuna hatari upande wa pili, nayo inanigusa zaidi kwa sababu ninawaomba walimu wachague makosa yenye mvuto. Roediger huyo huyo, pamoja na Elizabeth Marsh, alionyesha mwaka 2005 kwamba mtu akichagua jibu la makosa kwenye maswali ya kuchagua, anaweza kuondoka nalo na baadaye kulitoa kama jibu lake mwenyewe. Yaani kipotoshi kizuri kinaweza kufundisha kosa. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba hatari hii hupungua sana pale mwanafunzi anapoambiwa jibu sahihi baada ya kujibu. Kwa hiyo masharti ni haya: anayetumia makosa ya kweli lazima aandike maelezo ya kweli. Skrini nyekundu yenye neno "Wrong" haitoshi, tena kwa mwanafunzi dhaifu ni madhara.

Maelezo mazuri yanazungumza na jibu alilochagua mtoto. Aliyechagua "Yes, I haven't" asome maneno kama haya: "Umejibu kama tunavyojibu kwa Kiswahili, ambapo ndiyo inamkubalia aliyeuliza. Kwa Kiingereza tazama kitenzi chako. Kikiwa na n't, anza na No." Mistari mitatu. Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni, inakuruhusu kuandika maelezo tofauti kwa kila jibu. Google Forms inakupa maelezo ya aina mbili tu, ya aliyepata na ya aliyekosa, kwa hiyo hapo itabidi maelezo ya aliyekosa yataje vipotoshi vyote viwili. Ni usumbufu mdogo na unabebeka, hasa kama majibu ni matatu.

Na maelezo hayo yawe kwa Kiswahili. Najua hapa wapo walimu watakaonipinga, wenye shule zilizobandika mabango ya kuzungumza Kiingereza tu, na wanaoamini kwamba kila neno la Kiswahili linampunguzia mtoto Kiingereza. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kosa limetoka kwenye Kiswahili, basi maelezo yalifuate huko huko. Mtoto ambaye hakuelewa swali kwa Kiingereza hataelewa kwa Kiingereza kwa nini amelikosa. Atakapofika kidato cha tatu, maelezo yabadilike taratibu kuwa ya Kiingereza. Kidato cha kwanza, mpe mkono.

Maswali ya kuandika jibu yana matatizo yake, na mengi yanatokana na simu yenyewe. Kompyuta husahihisha kwa kulinganisha herufi kwa herufi. Mwanafunzi ameandika "don't", lakini kibodi ya simu yake imeweka ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka, na anaambiwa amekosa. Mwingine ameacha nafasi baada ya neno, mwingine simu imemwanzishia kwa herufi kubwa, mwingine ameandika color na mwalimu aliweka colour. Wote wanajua Kiingereza na wote wamenyimwa haki. Mtungaji inabidi aorodheshe kila namna ya jibu sahihi kabla ya kutuma kiungo, na ajaribu swali lile kwa simu ya bei nafuu, si kwa kompyuta yake ya mezani. Upande wa pili, kibodi zile zile humalizia maneno. Mtoto akiandika "bea" simu inamletea beautiful. Zoezi la tahajia kwenye simu ya namna hiyo linaipima simu. Tahajia ibaki kwenye daftari, kwa kalamu.

Zoezi la kujaza nafasi kwenye kifungu lina hadhi kubwa zaidi kuliko tunavyolipa. Mmarekani Wilson Taylor alilipendekeza mwaka 1953 kama kipimo cha ugumu wa maandishi: ondoa neno kila baada ya maneno kadhaa, uone kama msomaji anaweza kuyarudisha. Walimu wa lugha wakalichukua, na vizazi vya watoto wa Kenya walianza karatasi yao ya Kiingereza kwa kujaza nafasi 15. Kwa wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza ningependa kuona vifungu hivi vikitoka kwenye masomo yao mengine. Chukua aya ya kitabu cha baiolojia kuhusu majani na mwanga wa jua. Usiondoe majina ya kisayansi, hayo mwalimu wa baiolojia atayafundisha. Ondoa maneno yanayobeba fikra: therefore, whereas, such as, is called, consists of, unless. Mtoto anayekosa unless anakosa sentensi nzima ya kemia, na hakuna mwalimu wa kemia atakayesimama kumfundisha neno hilo.

Ningeongeza na maneno ya maagizo ya mitihani. State, outline, describe, explain, differentiate. Mwanafunzi anaambiwa ataje, yeye anaeleza kwa ukurasa mzima na muda unamwishia. Anaambiwa aeleze, yeye anataja. Kichwani anayo maarifa yote ya jiografia yanayohitajika. Chemsha bongo inaweza kumpa swali la mtihani pamoja na majibu matatu yaliyokwisha andikwa, na kumwuliza ni lipi linalolingana na agizo. Sijakutana na zoezi la namna hii kwenye tovuti za Kiingereza kwa wageni, na si lawama kwao, maana wanafunzi wao wengi hawafanyi mtihani wa historia kwa Kiingereza. Wetu wanafanya.

Kuhusu mbio za sekunde sitasema mengi. Kahoot, programu ya kushindana kujibu maswali, na wenzake huwapa alama zaidi wanaojibu upesi, na darasa hulipuka kwa shangwe. Kwa msamiati ni sawa. Kwa sarufi, mtoto anayetafsiri kichwani anaadhibiwa kwa kufikiri, na wale wale watatu waliosoma shule za mchepuo wa Kiingereza hukaa juu ya ubao wa washindi kila wiki. Ukiweza kuzima saa, izime.

Kikwazo kikubwa kinachotajwa ni vifaa, na ni cha kweli. Shule nyingi zetu haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, mabweni ndiyo kabisa, na bando la nyumbani linanunuliwa kwa kupimwa. Lakini walimu wengi walipokea vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022, na kifaa kimoja cha mwalimu kinatosha kwa mengi. Plickers, kwa mfano, haihitaji mwanafunzi awe na simu. Kila mtoto anashika kadi ya karatasi yenye mchoro, anaizungusha kuonyesha jibu lake, na mwalimu anapitisha kamera juu ya darasa na kupata majibu yote. Na hata bila Plickers, swali zuri linaandikwa ubaoni na majibu yananyooshwa kwa vidole. Kazi iko kwenye kulitunga. Anayetegemea nyumbani atume maswali machache yasiyo na picha nzito wala video, mtoto ayajibu kwa dakika kumi mzazi akirudi na simu.

Tangu mwisho wa mwaka 2022 walimu wengine wanaiomba ChatGPT itunge maswali, na inatunga 20 kabla chai haijapoa. Sina ugomvi na msaada huo. Ila ukiiomba tu maswali ya present perfect itakuletea vipotoshi vile vile vya dunia nzima. Mpe orodha ya sentensi za wanafunzi wako, uiambie ijenge maswali juu ya hizo, utaona tofauti. Kisha soma kila swali mwenyewe, kwa kuwa mara kwa mara utakuta majibu mawili ambayo yote ni sahihi na moja limehukumiwa kuwa kosa. Mtoto makini akiambiwa amekosa wakati amepata, anapoteza imani na masikio yake, na ni vigumu kumrudishia.

Baada ya wanafunzi kujibu, hesabu ya alama ni habari ndogo kuliko zote zilizomo. Fungua muhtasari uone kila kipotoshi kimechaguliwa na wangapi. Kisichochaguliwa na mtu kiondoe, kimekufa. Kilichovuta nusu ya darasa ndicho somo la kesho, na kama waliokichagua ni wale wanafunzi wako bora, rudi usome shina lako upya, huenda kosa ni la swali. Mwalimu akifanya hivi muhula mzima, atakuwa na kumbukumbu ya makosa ya watoto wake ambayo hakuna wizara wala mchapishaji anayo.

Kumbukumbu hiyo isibaki kwenye simu ya mtu mmoja. Tanzania tayari ina mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na ndani yake kuna jumuiya za kujifunza zinazowakutanisha walimu shuleni. Naomba walimu wa Kiingereza watumie kikao kimoja kwa kazi hii tu: kila mmoja aje na madaftari matano, wasome kwa sauti sentensi zilizokosewa, waandike zinazojirudia, wagawane kuzitungia maswali ya majibu matatu yenye maelezo ya Kiswahili. Walimu wanne wakitunga maswali matano kila mmoja, shule inatoka na maswali 20 kwa mchana mmoja. Shule tano za kata wakibadilishana, ni 100, na kila moja limetoka kwenye kalamu ya mtoto wa pale pale. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake ya mtandaoni ya vitabu vya kiada; maswali ya namna hiyo yangestahili kuwekwa humo, yakiwa na jina la wilaya yalikotungwa, ili mwalimu wa Kasulu ajue yapi yametoka kwa watoto wanaokosea kama wake.